Nani anaamua tokeni gani ifae kuwa dhamana kwenye DeFi? Mimi naona kura ni geresha

#1 Kinyozi wa Data
Wakuu, kwema?

Tuko vijana watatu, tuna kachumba Kijitonyama tunakoita ofisi. Tunajenga mfumo wa DeFi (huduma za fedha zinazoendeshwa na programu, bila benki), wa kukopeshana kwa sarafu za kidijitali. Tumechukua msimbo wa wazi wa Compound toleo la pili, mfumo wa mikopo wa wakubwa, tukaurekebisha. Bado uko kwenye mtandao wa majaribio, hakuna senti ya mtu humo, kwa hiyo msianze kuniuliza habari za upatu.

USDC (sarafu inayolingana na dola) na ETH (sarafu ya mtandao wa Ethereum) tumeziingiza bila ugomvi. Ugomvi umekuja kwenye tokeni ndogondogo. Mwenzetu mmoja anataka ziruhusiwe kuwa dhamana ili tupate wateja ambao wakubwa wamewakataa. Mwingine hataki hata kusikia. Nikasema ngoja nione wakubwa wanafanyaje. Aave, ambao ni wakopeshaji kama Compound, pendekezo linaanza kama mjadala, linapita kwa washauri wa hatari, linarudi kwa wanachama, ndipo linapigiwa kura. Uniswap, kwenye soko la kubadilishana tokeni, hakuna anayekuuliza: una tokeni, una hela ya gesi (ada ya mtandao), unafungua soko usiku huohuo.

Dai langu: kura ni geresha. Mwenye tokeni nyingi za kupigia kura ameshaamua kabla kura haijafunguliwa, wengine wote ni wasindikizaji. Na protokali (mifumo kama hii) zilizoibiwa, ziliibiwa zikiwa na kura zao. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Mkeka
Nimetandika, nimekaa. Wajuvi njooni.

#3 Dalali wa Gesi
Mkuu unalinganisha vitu viwili visivyofanana. Uniswap ukifungua soko la tokeni yako ya ajabu dhidi ya ETH, anayeumia ni aliyeingia humo kwa miguu yake. Anayebadilisha USDC soko la pili hata habari hana. Kwenye mikopo mfuko ni mmoja. Dhamana moja ikiwa ya kubumba, aliyekuja nayo anaondoka na USDC za watu ambao hiyo tokeni hawaijui hata jina. Ndiyo maana kule hakuna mlinzi na huku kuna foleni ya walinzi.

Na hata Uniswap kuna mambo wanayapigia kura. Toleo la tatu lilipotoka Mei 2021 lilikuwa na viwango vitatu vya ada: asilimia 0.05, 0.30 na 1. Kile cha 0.01 kiliongezwa kwa kura Novemba mwaka uleule, maana kubadilisha dola kwa dola kwa 0.05 ilionekana ghali. Kufungua soko ni ruhusa kwa kila mtu, ila kwenye toleo hilo vipimo unavyochagua vimeshapangwa na wenyewe.

#4 Binti wa Gerezani
Mimi naongea kama mtumiaji wa kawaida tu. Kaka yangu alinunua tokeni kwa sababu "ipo Uniswap, ina maana imeshapitishwa". Kununua alinunua vizuri, kuuza ikagoma. Kila akibonyeza, muamala unakataa na gesi inaliwa. Nani alimpitishia?

#5 Chuma cha Mbagala
Dada, pole yake. Hiyo ni tokeni ya SQUID ndogo. Ile kubwa ya mwaka 2021 kule PancakeSwap, soko kama Uniswap, ilipanda mpaka dola 2,800 na ushee, watu wanatazama utajiri kwenye skrini na kuuza hawawezi. Siku ya kwanza ya Novemba ikaenda sifuri ndani ya dakika chache, wenye nayo wakatokomea na zaidi ya dola milioni 3. Ukiona grafu ya kijani tupu, haina hata mshumaa mmoja mwekundu, usijipongeze. Hakuna anayeuza kwa sababu hakuna anayeweza.

#6 Fundi Msimbo
Mleta uzi, namba mnazogombania zina hesabu yake, acheni kugombana kwa hisia.

Aave wanaziandika kwa sehemu za elfu kumi, 7000 ni asilimia 70. Kuna kiwango cha kukopa, kuna mstari wa kufilisiwa, kuna zawadi ya mfilisi, yaani anayelipa deni la mtu na kuchukua dhamana yake. Kiwango cha kukopa hakiruhusiwi kuuzidi mstari. Halafu ukizidisha mstari kwa mia moja jumlisha zawadi, jibu lisivuke asilimia mia. Likivuka, mkataba wenyewe (programu inayojiendesha mtandaoni) unakataa, hauhitaji mtu. Chukua mstari wa 92 na zawadi ya 10: 0.92 mara 1.10 ni 1.012. Yaani mfilisi akishachukua chake, dhamana haitoshi kulipa deni hata kama amewahi sekunde ileile. Chukua mstari wa 75 na zawadi ileile: 0.825. Hapo bei inaweza kuanguka asilimia 17 na nusu zaidi kabla hamjaanza kula hasara.

Toleo la pili la Compound mnalotumia nyie halina ukaguzi huo. Lina kiwango kimoja tu cha dhamana kinachofanya kazi zote mbili, kukopesha na kufilisi, na linakataa tu mkivuka asilimia 90. Mengine mjichunge wenyewe.

#7 Kinyozi wa Data
@Fundi Msimbo nimekusoma. Ila hujanijibu nani anachagua 75 badala ya 60.

#8 Shangazi wa Posta
Wanangu, mimi nimefanya kazi idara ya mikopo benki mpaka kustaafu. Mkopaji analeta hati ya nyumba ya Mbezi Beach, mthamini anaandika namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza haraka. Mkopo unaangalia ile ya pili. Hao vijana wote wanaobishana asilimia ngapi, sijaona aliyeuliza hiyo tokeni ikibidi iuzwe yote leo jioni inaleta shilingi ngapi. Anzieni hapo. Kura na visababu vyenu baadaye.

#9 Kanjanja Mstaafu
Shikamoo Shangazi. Naheshimu, lakini mimi naona kinachoua ni bei inatoka wapi.

Novemba 2020 Compound ilitegemea bei ya DAI (sarafu inayopaswa kuwa dola moja) ya soko la Coinbase. DAI ikaruka pale mpaka dola 1.30, kwingine ikiwa karibu na dola yake moja. Waliokopa DAI wakaonekana deni limezidi, wakafilisiwa, dhamana za kama dola milioni 89 zikaondoka. Mei 2022 tokeni ya LUNA inaporomoka, chanzo cha bei cha Chainlink, wanaoipelekea mifumo hii bei za sokoni, kilikuwa na sakafu, kikaganda kwenye senti 10 na kitu. Sokoni LUNA iko chini mbali. Watu wakainunua kwa bei ya maganda, wakaipeleka Venus, mfumo mwingine wa mikopo, ikathaminiwa senti 10, wakakopa vitu vya maana. Venus ikabaki na shimo la dola milioni 11.

Mango Markets Oktoba 2022 vilevile, chanzo cha bei kilidanganywa.

#10 Fundi Msimbo
Hapo kwa Mango nakataa. Chanzo cha bei kilileta bei ya kweli, Mango wenyewe walisema hivyo. Jamaa alifungua akaunti mbili, kila moja ikiwa na USDC milioni 5, akajiuzia mwenyewe mikataba ya kubashiri bei ya MNGO (tokeni ya Mango), halafu akaenda kwenye masoko halisi akainunua MNGO mpaka ikatoka kama senti 4 ikafika senti 91. Bei ilikuwa ya kweli kwa dakika zile. Faida ya kwenye karatasi akaitumia kama dhamana, akakopa vitu vya zaidi ya dola milioni 100. Soko lilikuwa jembamba. Hiyo inarudi kwa Shangazi.

#11 Kanjanja Mstaafu
Nakubali Mango, sikubali mengine. Kule Venus soko halikuwa jembamba, LUNA ilikuwa inauzwa dunia nzima usiku na mchana. Chanzo kiliganda.

#12 Dalali wa Gesi
Na huyo jamaa wa Mango, Avraham Eisenberg, Aprili 2024 baraza la wazee wa mahakama New York lilimkuta na hatia, Mei 2025 jaji akaitengua hukumu. Yaani hata waliosomea sheria wanavutana.

Mwezi mmoja baada ya Mango akaenda kuitikisa Aave. Akaweka CRV, tokeni ya Curve, kama dhamana...

#13 Fundi Msimbo
Kinyume chake mkuu. Aliweka USDC kama dhamana, CRV ndiyo aliyoikopa na kuiuza ili bei ishuke. Bei ikapanda badala ya kushuka, akafilisiwa, lakini CRV ya kununua kumlipia deni haikutosha sokoni kwa bei ile. Aave ikabaki na deni chechefu la kama dola milioni 1.6. Watu wengi wanasahau upande huu. Tokeni inaweza kuwa hatari hata kama hujairuhusu iwe dhamana, kwa kuruhusu tu ikopwe. Toleo la tatu la Aave lina vikomo viwili, kikomo cha kuweka na kikomo cha kukopwa. Toleo la pili, alikopigia, halikuwa navyo.

#14 Mzee wa Mkeka
Kwa hiyo alibeti Curve itashuka, mkeka ukachanika. Huyu ni mwenzangu.

#15 Babu Temeke
Mikopo yenu hii tofauti yake na kausha damu ni ipi? Kausha damu angalau unamjua aliyechukua friji yako.

#16 Chuma cha Mbagala
Babu 😂😂 huku friji inachukuliwa na roboti, na anapewa asilimia 10 juu.

#17 Shangazi wa Posta
Babu umeuliza la maana. Jambo linalonisumbua mimi ni nani anawajibika. Kampuni ikitaka kuingia Soko la Hisa pale mjini, kuna waraka wa matarajio, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wanaupitia, na zile kampuni changa za dirisha la kukuza ujasiriamali lazima ziwe na mshauri mteule anayezisimamia. Kukiharibika kuna mlango wa kugonga. Huku?

#18 Dalali wa Gesi
Shangazi, huku mlango ni mkataba wenyewe, na hauna komeo.

Ila wapo wanaojaribu. Hyperliquid, soko la mikataba ya kubashiri bei, tangu Oktoba 2025 mtu wa nje anaweza kufungua soko lake la mikataba ya bei, lakini anaweka rehani HYPE 500,000 (tokeni yao wenyewe). Anachagua mwenyewe chanzo cha bei na ukomo wa mkopo, akifanya uhuni rehani inakatwa. Ni mshauri mteule wa aina yake, tofauti ni kwamba anayeungua ni yeye.

#19 Kinyozi wa Data
@Dalali wa Gesi asante, umenipa ushahidi wangu. Hyperliquid haohao Machi 2025, tokeni ya JELLY ilipokuwa inataka kuwafilisi, wathibitishaji (wanaoendesha mtandao wao) walikutana wakaifuta sokoni na kufunga biashara zote kwa dola 0.0095, wakati bei ya nje ilikuwa imeshapaa. Kura ilichukua muda gani? Ndiyo geresha ninayoisema.

#20 Kanjanja Mstaafu
Wasingefuta ungekuja hapa kuandika "protokali imefilisika, hawana uongozi".

#21 Binti wa Gerezani
Samahani nirudi nyuma. Kaka yangu alisema alibonyeza kuruhusu kwanza, ndipo akabadilisha. Je, hiyo ruhusa ndiyo hiyo mnayoipigia kura?

#22 Dalali wa Gesi
Hapana dada. Hayo mnayosoma hapo juu ni protokali kuikubali tokeni. Aliyobonyeza kaka ni yeye kuupa mkataba fulani ruhusa ya kuchukua tokeni kutoka kwenye waleti yake. Kiwango cha ERC-20 cha mwaka 2015, kanuni za tokeni za Ethereum, ndivyo kilivyo, mkataba hauwezi kukuchukulia kitu mpaka umeuandikia kiasi. Shida programu nyingi zinakuandikia kiasi kisicho na mwisho ili usirudi kubonyeza kila mara na kulipa gesi.

Akaziangalie ruhusa zake leo. Kuna tovuti ya revoke.cash inamwonyesha zote. Na mwambie kukata muunganisho wa waleti na tovuti hakufuti ruhusa hata moja. Kufuta ni muamala, unalipiwa gesi.

#23 Chuma cha Mbagala
Naongezea hapo. Desemba 2021 BadgerDAO mikataba yao ilikuwa haina tatizo. Waliingiliwa kwenye tovuti, watu wakabonyezeshwa ruhusa ya mkataba wa mwizi wakidhani ni ya kawaida. Kama dola milioni 120. Aprili 2023 mkataba mpya wa SushiSwap ulikuwa na kosa, waliokuwa wameupa ruhusa wakakombwa zaidi ya dola milioni 3. Mimi siku hizi naandika kiasi ninachobadilisha basi. Gesi ya kurudia kubonyeza nailipa kwa moyo mweupe.

#24 Fundi Msimbo
Na USDT (sarafu nyingine ya dola) ya Ethereum ina tabia yake: kama uliiruhusu 500 na unataka 800, lazima urudishe sifuri kwanza. Wajenzi wengi wanashangaa kwa nini muamala unagoma.

Kinyozi, kwa kuwa umeshaniingiza kwenye vipimo, angalia desimali, yaani tarakimu ngapi zinakaa baada ya nukta. USDC na USDT kwa Ethereum ni 6, WBTC ni 8, DAI ni 18. USDT ileile ukiifuata mtandao wa BNB Chain ni 18. Compound toleo la pili inataka bei iliyozidishwa kwa kumi yenye kipeo cha 36 kutoa desimali za tokeni, kwa hiyo USDC ni sifuri 30, ETH ni sifuri 18. Kuna timu naifahamu ilinakili faili la mipangilio kutoka mnyororo mmoja kwenda mwingine bila kugusa kitu, jaribio la kwanza mtu akaweka dola moja mfumo ukamwona bilionea.

Tena msiruhusu tokeni zinazojikata zenyewe zikitumwa. Juni 2020 Balancer, soko la kubadilishana, walikuwa na tokeni ya STA, ambayo kila ikihama asilimia moja inaungua, yaani inafutwa. Dimbwi (mfuko wa tokeni wa soko hilo) likawa linaandika limepokea 100 wakati limepokea 99. Mtu akazungusha mara nyingi mpaka dimbwi likakauka, kama nusu milioni ya dola.

#25 Babu Temeke
Na TRA wanachukua asilimia 3 yao hapo wapi?

#26 Kanjanja Mstaafu
Babu unachokoza. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 3, anayelikata ni mwenye jukwaa au anayewezesha uhamishaji. Sasa dimbwi la Uniswap utalipelekea barua wapi?

#27 Dalali wa Gesi
Na Benki Kuu tangu tangazo la Novemba 2019 walisema hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akawaambia wajiandae nazo. Tumejiandaa kulipa kodi kwanza 😅

#28 Fundi Msimbo
Jamani turudi. Nimelisoma tena bandiko la kwanza, kuna jambo limenipita. @Kinyozi wa Data huo msimbo wa Compound toleo la pili una ugonjwa wa soko tupu.

Soko likifunguliwa na hakuna aliyeweka kitu, mtu anaweka kiasi kidogo mno anapewa vihisa viwili. Halafu anaupelekea mkataba tokeni nyingi moja kwa moja, bila kupita mlangoni. Hisa hazijaongezeka ila mfuko umevimba, kwa hiyo kila kihisa kinaonekana kina thamani kubwa kupindukia. Anakopa masoko mengine yote kwa vihisa hivyo. Akienda kutoa tokeni zake, hesabu ya mgawanyo inakata desimali kwa faida yake, anazirudisha karibu zote kwa kihisa kimoja. Hundred Finance, wakopeshaji wa msimbo huohuo, walipigwa hivyo Aprili 2023, kama dola milioni 7.

Sonne Finance walilijua hilo. Utaratibu wao ulikuwa kufungua soko kiwango cha dhamana kikiwa sifuri, kuweka kiasi, kukichoma, ndipo kiwango kipande. Mei 2024 wanachama wao wakapitisha tokeni ya VELO kule mtandao wa Optimism. Hatua zikapangwa kwenye waleti ya saini nyingi, zikakaa siku mbili kwenye kufuli la muda. Muda ulipoisha, yeyote aliweza kuzitekeleza. Mshambuliaji akazitekeleza yeye, kufungua soko mpaka kupandisha kiwango, mfuko ukiwa mtupu. Dola milioni 20. Nyingine kama milioni 6.5 ziliokolewa na mtu aliyewahi kuweka VELO za kama dola 100 tu humo ndani.

Sasa niambie hiyo ni kura, bei, au wembamba wa soko? Kura ilipita vizuri, VELO haikuwa takataka, bei haikudanganywa. Mpangilio wa hatua ndio uliowaua.

#29 Kinyozi wa Data
Aisee. Nimewatumia wenzangu hii sasa hivi. Lakini hata hapo bado kura ndiyo iliyolazimisha soko lifunguliwe, bila VELO wangekuwepo.

#30 Kanjanja Mstaafu
Huyu jamaa hata mvua ikinyesha Jangwani atasema ni kura.

#31 Shangazi wa Posta
Kijana, mimi swali langu la bandiko la #8 bado linadai. Hiyo tokeni ndogo mnayoigombania, soko lake lina kiasi gani?

#32 Kinyozi wa Data
Shangazi, dimbwi lake kubwa lina kama dola 40,000 za USDC upande mmoja, na tokeni za thamani hiyohiyo upande wa pili.

#33 Fundi Msimbo
Basi hesabu fupi, ada tuiache. Ukimwaga tokeni za dola 20,000 kwa bei ya sasa, unachopata ni 40,000 mara 20,000 gawanya kwa 60,000, yaani 13,333. Theluthi imeyeyuka. Ukimwaga za 5,000 unapata 4,444, hasara asilimia 11, na hiyo peke yake imekula zawadi ya mfilisi ya asilimia 10. Hakuna mfilisi atakayekuja. Kikomo cha kuweka kisizidi dola 4,000, na kiwango cha dhamana anzieni 40.

#34 Dalali wa Gesi
4,000 ndogo sana, si bora msiifungue kabisa? Wafilisi wanauza kidogokidogo, na wengine wanarudi kununua bei ikishuka. Mimi ningeweka 10,000.

#35 Shangazi wa Posta
Na hizo 40,000 ni za nani?

#36 Kinyozi wa Data
Nyingi ni za mwenye tokeni mwenyewe. Karibu asilimia 90.

#37 Chuma cha Mbagala
Kwa hiyo akiamua kutoa USDC zake usiku, hesabu za Fundi zinabaki na 4,000, siyo 40,000. Zimefungwa au anaweza kuzitoa wakati wowote?

#38 Kinyozi wa Data
Sijaangalia. Naangalia.

#39 Mzee wa Mkeka
Ukiwa unaangalia, angalia na hili: yule mwenzenu anayeshikilia hiyo tokeni iruhusiwe, yeye ana kiasi gani kwenye waleti yake?

#40 Babu Temeke
Mleta uzi yuko mtandaoni, taa ya kijani inawaka. Tunasubiri.